Kutoka Kisima hadi Kisima: Namna ya Kuitembelea Kaunti ya Marsabit

Mzee wa Marsabit akifungasha mzigo kwenda Nairobi hukuambia, “Naenda Kenya.” Utalisikia neno hilo kwenye basi na kwenye vibanda vya chai, na hakuna anayelisema kwa utani. Kwa miaka mingi Kenya, kwa watu wa huku, ilianzia kwenye kizuizi cha Isiolo, na upande wa kaskazini wa kizuizi hicho sheria zilikuwa nyingine kabisa.

Nimekwenda Marsabit mara kadhaa, na kila nikirudi watu huniuliza maswali yale yale: kuna usalama, kuna barabara, kuna nini cha kuona? Nitayajibu hapa hatua kwa hatua. Lakini kuna jambo moja ambalo lingeniokoa na shida nyingi kama ningeambiwa mapema. Huku safari hazipangwi kwa kilomita, hupangwa kwa maji. Mfugaji anajua leo atalala wapi kwa sababu anajua kesho atanywesha wapi. Ukipanga ziara yako kwa namna hiyo, kutoka chemchemi hadi kisima, kutoka kisima hadi ziwa, utaona kaunti nzima katika siku nane hadi kumi na utakutana na watu wake. Ukipanga kwa kilomita utaona vumbi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza

Mvua ndefu huja kati ya Machi na Mei, na mvua fupi Oktoba na Novemba. Ni mvua chache, na miaka mingine hazifiki kabisa, lakini siku zikinyesha njia za udongo hugeuka matope na jangwa la Chalbi hugeuka ziwa. Miezi mizuri kwa mgeni ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Joto kwenye nyanda za chini hupita nyuzi 35 mchana, wakati mjini Marsabit, juu ya mlima, asubuhi utatafuta sweta. Beba nguo za pande zote mbili.

Kama unapenda ngoma na mavazi, ulizia tarehe za tamasha la utamaduni la Ziwa Turkana, lililoanza mwaka 2008 na ambalo hukutanisha jamii 14 za kaunti hii kule Loiyangalani. Tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ulizia kabla ya kukata tiketi. Mimi binafsi napenda kwenda wakati hakuna tamasha, kwa kuwa watu wana nafasi ya kukaa nawe.

Hatua ya 2: Ijue habari ya mahali kabla ya kufika

Usiiruke hatua hii. Marsabit ni kubwa mno: karibu kilomita za mraba 67,000, kiasi kwamba Rwanda na Burundi zikiunganishwa bado hazilifikii eneo hilo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785 tu. Kuna Waborana, Wagabra, Warendile, Waburji, Wasamburu, Waturkana, Wadasanachi, Wasomali, Wakonso, Wasakuye, Wawaata, na Waelmolo wanaoishi ukingoni mwa ziwa.

Wakati wa ukoloni eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wazee bado wanaiita kwa herufi tatu, NFD. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ililitangaza kuwa eneo lililofungwa: huingii bila kibali, hutoki bila kibali. Sheria nyingine ya 1934 iliwapa maofisa wa wilaya nguvu ya kuwapangia watu wapi pa kulisha na wapi pa kunywesha, na kuwaadhibu wote kwa kosa la mmoja. Kwa mfugaji, kuambiwa kisima hiki ni chako na kile si chako ni sawa na kuambiwa mifugo yako ipi iishi na ipi ife. Ndiyo maana hata leo mgeni akiuliza habari za mipaka, watu hunyamaza kwanza.

Julai 1940 Waitaliano walioishikilia Ethiopia waliivamia ngome ya Moyale, na askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliokuwa ndani wakalazimika kuondoka usiku. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, waasi waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, 1963 hadi 1967, vilivyomalizwa kwa makubaliano yaliyotiwa saini Arusha, Rais Kenneth Kaunda akiwa mpatanishi. Watu walioviona vita hivyo vya mwisho kwa macho bado wako hai. Ukikaribishwa chai na mzee wa miaka themanini, yeye ndiye makumbusho. Mwache azungumze na usimkatize.

Hatua ya 3: Panda basi, au endesha mchana

Mabasi ya Moyale huondoka Eastleigh, Nairobi, na mengi husafiri usiku. Chukua la asubuhi. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, kilomita zaidi ya 500, ilikuwa ya mawe na vumbi hadi ilipokamilishwa kwa lami takriban 2017. Kabla ya hapo watu walisafiri juu ya malori ya ng’ombe kwa siku mbili au tatu, kwa msafara wenye askari. Leo unapita Archers Post, unauona mlima Ololokwe ukisimama kama meza upande wa kushoto, halafu Merille, Laisamis, Logologo, na kabla ya jua kutua uko Marsabit. Kuyaona mandhari hayo yakibadilika kutoka kijani kwenda rangi ya udongo ni nusu ya safari, na usiku hutaona kitu.

Beba kitambulisho au pasipoti mahali pa kufikia upesi, maana vizuizi ni vingi na abiria hukaguliwa. Toa noti ndogondogo za kutosha Isiolo. M-Pesa inafanya kazi kwenye miji, lakini anayekuuzia maziwa njiani hana chenji ya noti ya elfu.

Kuhusu usalama: barabara kuu inatumiwa kila siku na maelfu ya watu. Hata hivyo migogoro ya jamii na jamii huzuka, na Mei 2022 serikali iliweka kafyu ya siku 30 kaunti nzima. Piga simu kwa mtu aliye Marsabit, si Nairobi, siku mbili kabla ya kuondoka. Ukifika muulize chifu au mwenye nyumba ya wageni njia zipi zinapitika wiki hiyo. Mtu akikuambia “huko usiende sasa,” usibishane naye.

Hatua ya 4: Siku mbili mlimani

Marsabit mjini kuna ukungu. Mlima huu wa volkano una urefu wa mita 1,707, umezungukwa na jangwa pande zote, na kila usiku hunasa unyevu wa hewa inayopanda kutoka bondeni. Amka saa kumi na mbili asubuhi usimame chini ya mti mkubwa msituni: anga halinyeshi, lakini matone yanadondoka kutoka kwenye mashada marefu ya kijivu yanayoning’inia matawini kama ndevu. Maji hayo ndiyo yanayoulisha mji na chemchemi zake. Mtu anayekata mti hapa anaziba kisima cha mtu aliye mbali kule chini.

Ukungu huo huo una msiba wake. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege iliyobeba viongozi waliokuja kwenye mazungumzo ya amani ilianguka hapa Marsabit wakati hali ya hewa ikiwa mbaya, watu 14 wakafa, wakiwemo Bonaya Godana, Mirugi Kariuki, Titus Ngoyoni, Guracha Galgallo na Abdi Sasura. Walikuwa wamekuja kwa sababu ya mauaji ya Turbi, nami nitaifikia Turbi baadaye.

Siku ya kwanza ingia hifadhi ya taifa. Ada hulipwa kwa njia ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na si taslimu getini, kwa hiyo lipa ukiwa mjini ambako mtandao una nguvu. Ndani kuna mashimo ya volkano yenye maji. Mojawapo ni Gof Sokorte Guda, ambalo Martin na Osa Johnson, wapiga picha wa Kimarekani, walilipa jina la Ziwa Paradise na kuishi ukingoni mwake kati ya 1924 na 1927. Miaka ya ukame ziwa hupungua hadi kuwa nyasi tupu. Tembo wapo, lakini msitu ni mnene. Keti ukingoni alasiri na usubiri washuke kunywa, usizunguke na gari ukiwatafuta.

Hapa ndipo alipoishi Ahmed, tembo ambaye kila pembe yake ilikuwa na uzito wa kilo 67 hivi. Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalumu alindwe mchana na usiku. Alikufa Januari 1974 kwa uzee, si kwa risasi, na sanamu yake kamili iko kwenye ua wa Makumbusho ya Taifa Nairobi. Kama unapita Nairobi, itazame kwanza ndipo uje msituni.

Siku ya pili nenda kwenye visima vya Ulanula, nje kidogo ya mji. Nenda na kijana mwenyeji na uende wakati wa kiangazi, maana mvua zikinyesha mifugo hutawanyika na visima hukaa kimya. Kisima ni shimo refu lenye vidato vilivyochimbwa ukutani. Wanaume husimama mmoja juu ya mwingine, na ndoo hupanda mkono kwa mkono hadi juu, inamwagwa kwenye hori la udongo, inarudi tupu. Zamani ndoo zilikuwa za ngozi ya twiga, siku hizi ni jerikeni zilizokatwa mdomo. Wanaimba, na wimbo ndio unaowapa mwendo: aliye chini kabisa haoni mkono wa aliye juu, anausikia. Ukisimama kando utaona maji yakimwagika mabegani mwa kila mmoja, na mvuke ukitoka kwenye migongo yao. Kando kuna mtu anayesimamia zamu, anajua ng’ombe wa nani wamekaa siku mbili bila maji na ngamia wa nani wamekaa kumi, na hakuna anayeingiza mifugo bila yeye kusema.

Usipige picha. Wengine hufanya kazi bila nguo, na si maonyesho. Kama umekaa muda mrefu na umesalimia kila mtu, mwenyeji wako anaweza kukuombea ruhusa. Akikataliwa, imekataliwa.

Hatua ya 5: Tafuta dereva kabla ya kutafuta gari

Kutoka mlimani kwenda chini hutumii basi. Unakodi Landkruza mjini, ikiwezekana mkiwa watu wanne ili mgawane gharama, au unapanda lori la bidhaa kama una muda na mgongo imara. Masharti yangu sasa ni haya: dereva awe mtu wa Maikona, Kalacha au North Horr, au awe ameendesha njia hiyo mwezi huo huo. Gari liwe na matairi mawili ya akiba, kwa sababu mawe meusi ya volkano hupasua tairi kama wembe. Liwe na pampu ya kupunguza na kujaza upepo, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu, koleo, na kamba ya kuvutia. Jaza mafuta Marsabit. Huko mbele yapo, lakini huuzwa kwenye mapipa, kwa bei ya mbali na huenda yameisha.

Maji: lita tano za kunywa kwa kila mtu kwa siku, halafu ongeza jerikeni moja ya lita ishirini kwa kila mtu ambayo haiguswi. Nasema hivyo kwa sababu mwaka mmoja nilikodi gari kwa mtu aliyeniapia kwamba dereva wake anaijua Chalbi kama kiganja. Hakuwa anaijua. Alikata njia katikati ili kuokoa saa moja, siku tatu baada ya mvua, na saa tisa alasiri tukazama hadi ekseli. Tulikuwa wanne na tulikuwa na lita kumi za maji. Jua lilipotua hatukuwa na zaidi ya chupa mbili. Vijana wawili wa Kigabra waliokuwa na ngamia walitukuta usiku. Hawakuuliza sisi ni nani. Mmoja alishusha chombo cha maziwa kutoka kwenye tandiko, akampa kwanza dereva wetu, ambaye kwa aibu alikuwa amekaa mbali na sisi. Asubuhi walirudi na watu sita na tukatoka. Tangu siku hiyo jerikeni isiyoguswa haijawahi kukosa kwenye safari yangu.

Hatua ya 6: Vuka Chalbi asubuhi

Chalbi, kwa lugha ya Wagabra, ni mahali patupu penye chumvi. Miaka kama elfu kumi iliyopita kulikuwa na maji hapa, wakati Ziwa Turkana lilipokuwa juu zaidi kuliko leo. Yaliyobaki ni uwanda mweupe hadi upeo wa macho. Shuka ulikanyage: ganda la juu linavunjika kwa mlio mdogo kama ukoko wa ugali, na chini yake udongo ni laini na una unyevu hata katikati ya kiangazi. Huo unyevu ndio uliotuzamisha. Kwa hiyo fuata alama za magari ya karibuni, pita ukingoni, na kama mvua imenyesha ndani ya wiki moja zunguka au subiri.

Vuka kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo mazigazi huanza, unaona ziwa mbele yako na miti ndani ya maji, na ngamia walio umbali wa kilomita wanaonekana wakielea. Ni uzuri ambao hutausahau, lakini dereva akiwa mchovu humpoteza njia.

Lala Kalacha. Chemchemi hutoka ardhini, mikoma imejipanga kandokando, na baada ya siku nzima ya weupe macho yako yatapumzika kwenye kijani. Asubuhi keti karibu na maji bila kusema. Kati ya saa mbili na saa tatu firigogo huanza kufika, kundi baada ya kundi, wakipiga kelele kutoka mbali, wakitua, wakinywa kwa haraka na kuruka tena. Ndege hawa husafiri kilomita nyingi kila siku kwa ajili ya funda hilo moja. Nyuma yao huja mbuzi, na nyuma ya mbuzi huja ngamia.

Kalacha pia ndipo pazuri pa kuona nyumba ya Wagabra ikisimamishwa. Ni fito zilizopindwa na mikeka, mali ya mwanamke, na kambi ikihama nyumba nzima hupanda mgongoni mwa ngamia, fito zikichomoza pande mbili kama mabawa. Ukikaribishwa ndani utapewa chai ya maziwa ya ngamia. Vyombo vya maziwa husukwa kwa nyuzi za mizizi, husukwa kwa ukaribu kiasi kwamba havivuji, na hufukizwa moshi wa kijiti maalumu ili maziwa yakae. Chai yako itakuwa na harufu ya moshi huo. Mgeni mara ya kwanza hudhani imeungua. Kunywa, na kufikia kikombe cha tatu utaitamani.

Chakula kingine cha kutafuta: nyirinyiri, vipande vidogo vya nyama vilivyokaushwa na kukaangwa kisha kuhifadhiwa ndani ya mafuta, chakula cha safari ambacho hukaa wiki nyingi bila kuharibika. Na kwa Waborana, buni zilizokaangwa pamoja na maganda yake kwenye samli, ambazo huandaliwa kwa heshima na baraka. Ukikuta shughuli hiyo, vua kofia na upokee kwa mkono wa kulia.

Kutoka Kalacha unapita North Horr, mji wa mchanga na chemchemi, ambao ni pa kujaza maji na kula. Usikae sana. Safari ya kwenda Loiyangalani ni siku nyingine nzima, na Mlima Kulal utakuwa mbele yako karibu muda wote.

Hatua ya 7: Ziwani

Hakuna anayekuonya vya kutosha kuhusu upepo. Hushuka kutoka Kulal usiku, hubana hema hadi ardhini, na hurusha kokoto. Usipige hema Loiyangalani kama hujui kulifunga vizuri. Lala kwenye banda la makuti. Kung’uta viatu kila asubuhi kwa sababu ya nge.

Loiyangalani kwa Kisamburu ni mahali penye miti mingi, na miti hiyo ipo kwa sababu ya chemchemi ya maji ya vuguvugu inayotoka chini ya Kulal. Mji wote umejengwa kuizunguka. Ziwa lenyewe liko hatua chache, lina urefu wa karibu kilomita 250, ni kubwa kuliko maziwa yote ya kudumu yaliyo jangwani duniani, lakini maji yake yana magadi na si ya kunywa kwa mgeni. Sehemu kubwa ya maji huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Rangi hubadilika saa hadi saa: asubuhi kijivu, adhuhuri kijani kibichi, na upepo ukitulia jioni huwa kama kioo. Wavumbuzi wa Kizungu, Count Teleki na von Höhnel, walilifikia mwaka 1888 na wakaliita Rudolf kwa heshima ya mwana wa mfalme wao. Tangu 1975 jina rasmi ni Turkana. Wenyeji waliokuwa wakivua humo kwa karne nyingi walikuwa na majina yao tayari.

Usioge bila kuuliza. Mamba wapo, na mwenyeji anajua ghuba ipi wanapenda.

Tembelea Makumbusho ya Jangwa, yaliyofunguliwa 2008, juu ya kilima. Ni madogo, saa moja inatosha, lakini yatakusaidia kutofautisha shanga za jamii moja na nyingine. Halafu nenda kwa Waelmolo. Ni wavuvi, mojawapo ya jamii ndogo kabisa Kenya, na lugha yao ya asili imekwisha midomoni. Leo wanazungumza Kisamburu. Ziwa limepanda sana miaka ya karibuni na limekizunguka kijiji cha Komote, kiasi kwamba sasa unavuka kwa mashua. Nenda kwa mpango na mzee wa kijiji, lipa kile mlichokubaliana, nunua samaki. Usinunue vitu vya zamani vya familia hata ukibembelezwa. Shida ya mwezi mmoja ndiyo inayoviuza.

Njia ya kusini kutoka hapa inapita kwenye mashamba ya upepo, mitambo 365 inayozalisha megawati 310, iliyozinduliwa Julai 2019. Upepo uliobomoa hema lako ndio huo unaowasha taa Nairobi. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa bila kufuata sheria, kwa hiyo ukizungumzia mitambo hiyo na wafugaji, sikiliza kwanza.

Kama una siku tatu zaidi na gari la pili, panda kaskazini hadi hifadhi ya Sibiloi na Koobi Fora. Ndiko Bernard Ngeneo alikookota mwaka 1972 vipande vya fuvu linalojulikana kwa namba 1470, lenye umri wa karibu miaka milioni mbili. Kuna msitu wa miti iliyogeuka mawe. Usiende na gari moja tu, na usiende bila kuwaambia askari wa hifadhi siku ya kuondoka na siku ya kurudi.

Hatua ya 8: Salamu na picha

Mtu anayepita bila kusalimia hutiliwa shaka, na nchi hii ina sababu zake. Kwa Waborana na Wagabra sema “Nagaya,” yaani amani. Kwa Wasamburu “Supa.” Kwa Waturkana “Ejok.” Waislamu wasalimie kwa salamu yao. Kiswahili kinaeleweka mijini kote, lakini kambini tegemea mwenyeji wako. Usihesabu ngamia wa mtu wala kuuliza ana wangapi. Mwambie mama “mama” na mzee “mzee,” usikimbilie majina.

Ukitoka Marsabit kwa njia ya Moyale utapita uwanda wa Dida Galgalu wenye mawe meusi, kisha Turbi. Asubuhi ya tarehe 12 Julai 2005 wavamizi waliua makumi ya watu hapa, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa wakijiandaa kuingia darasani. Shule ipo, watoto wanasoma. Simama unywe chai, nunua kitu dukani, lakini usiulize mtu habari hizo ili kukidhi hamu yako, na usielekeze kamera shuleni.

Hatua ya 9: Malizia deni

Mlipe dereva na mwenyeji taslimu, kiasi mlichokubaliana na cha shukrani juu yake, kabla ya kupanda basi. Watu uliowapiga picha kwa ruhusa yao wameahidiwa kitu hata kama hukutamka. Chapisha picha mjini na uzitume. Hakuna anwani za nyumba kambini, lakini barua hufika: funga bahasha, mpe dereva wa lori linaloshuka North Horr, na uandike juu yake jina la mtu, jina la baba yake, na kisima anachonywesha. Yangu ya mwisho ilichukua wiki sita, kisha nikapigiwa simu na namba nisiyoijua, na upande wa pili mama wa Kalacha akawa anacheka huku akisema picha imefika, lakini mbuzi wake mweupe hakuonekana vizuri, kwa hiyo nirudi.